Taifa la Wakulima Lililokulia Mjini

Kwa Kiswahili, kumwita mtu mshamba ni kumtukana. Pwani yetu iliujenga uungwana ndani ya mji: nyumba ya mawe, msikiti wa Ijumaa, kanzu iliyopigwa pasi, lugha iliyopigwa pasi zaidi ya kanzu. Aliyetoka shamba alitakiwa kwanza ajifunze adabu za mjini, ndipo ahesabiwe mtu mbele ya watu. Marekani ilianza na imani iliyo kinyume kabisa. Huko mshamba ndiye aliyekuwa raia wa kweli, na mtu wa mjini ndiye aliyetiliwa shaka. Mpaka leo mwanasiasa wa Kimarekani anayetaka kuonekana mzalendo huvaa buti na kupigwa picha kando ya trekta, hata kama amelelewa ghorofa ya ishirini.

Ukitaka kuuelewa ugomvi wao wa kila siku kuhusu nani ni Mmarekani hasa, kuna uzi mmoja unaofaa kuufuata, ingawa kwa kuutazama hauvutii: sensa. Katiba yao iliyoandikwa 1787 inaamuru watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, kwa sababu viti vya Baraza la Wawakilishi hugawiwa majimbo kulingana na idadi ya watu. Maana yake ni kwamba kila mji unapovimba, kuna mahali fulani mtu anapoteza kiti. Ndiyo maana huko hesabu ya watu haijawahi kuwa kazi ya makarani peke yao.

Hesabu ya kwanza, ya 1790, ilipata watu milioni 3.9 hivi. Katika kila watu 100, 5 tu waliishi mjini. New York, mji mkubwa kuliko yote, ulikuwa na watu 33,000. Kwa hali hiyo si ajabu kwamba Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu, aliandika kwamba wanaoilima ardhi ndio wateule wa Mungu, na kwamba makundi ya watu wa miji mikubwa huisaidia serikali njema kama vile vidonda vinavyousaidia mwili kupata nguvu. Picha ya raia bora ikawa hiyo: mtu mwenye ardhi yake, hadaiwi, hana bwana, anapiga kura bila kumwogopa mwajiri. Jefferson mwenyewe hakushika jembe. Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, na katika hesabu ya viti vya Bunge kila mtumwa wa nchi ile alihesabiwa kuwa tatu ya tano ya mtu. Mkulima huru alipewa uzito zaidi kwenye mizani na watu wasio huru waliohesabiwa kwa ajili yake.

Sasa tuliache shamba kidogo, twende Unguja. Wazee wetu walikijua sana kitambaa cha merikani: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, nzito, yenye kudumu. Pwani kilikuwa vazi, na kwenye njia za misafara ya bara kilikuwa fedha. Jina lake si la kubuni. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na miaka minne baadaye akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, bandari ya Massachusetts. Meli za Salem zilishusha marobota ya kitambaa na kuondoka na sandarusi na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano, na piano hizo zikapamba sebule za matajiri wapya wa mijini. Tuliivaa miji ya Marekani kabla hatujaijua nchi yenyewe.

Kitambaa hicho kilifumwa katika miji ya viwanda iliyochipuka Massachusetts, na uliovuma kuliko yote ni Lowell, uliotambuliwa kuwa mji mwaka 1826. Kufikia 1840 ulikuwa na watu 20,000 hivi. Wafanyakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa mabinti wa wakulima wa New Hampshire na Vermont, wakilala bweni na kuamshwa kwa kengele. Mwaka 1834 mishahara ilipopunguzwa waligoma, na katika madai yao walijiita mabinti wa watu huru. Maneno ya mapinduzi ya 1776, yaliyodhaniwa kuwa mali ya mwanamume mwenye ardhi, yalikuwa yameshafika kwenye geti la kiwanda, mdomoni mwa msichana anayeishi kwa mshahara. Na pamba aliyoisokota ilitoka Kusini, imechumwa na watumwa. Hadithi ya shamba safi na mji mchafu ilikuwa na tundu tangu siku ya kwanza.

Lakini nikiambiwa nichague mji mmoja tu wa kuielezea habari hii, nitachagua Chicago.

Mwaka 1833 Chicago ilikuwa kijiji cha watu mia chache kwenye tope la ukingo wa Ziwa Michigan. Mwaka 1850 ilikuwa na watu 30,000. Mwaka 1870 walikuwa karibu 300,000. Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, watu 300 hivi wakafa, na kama 100,000 wakabaki bila makazi, yaani mtu mmoja kati ya kila watatu. Mwaka 1890 wakazi walikuwa 1,099,850. Soma tena takwimu hizo taratibu. Mtu aliyezaliwa kijijini hapo mwaka ule wa tope angeweza, bila hata kufika miaka 60, kuuona mji wake ukivuka milioni.

Nini kilitokea? Mwaka 1848 peke yake ulileta mambo matatu: mfereji uliounganisha Ziwa Michigan na mito inayoelekea Mississippi, reli ya kwanza ya mji, na soko la nafaka lililoitwa Board of Trade. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lililogeuza mambo. Zamani gunia la ngano lilikuwa na mwenyewe: ngano ya fulani ilisafiri kama ngano ya fulani mpaka ikauzwa. Maghala makubwa ya Chicago yalimwaga ngano ya watu mia katika tundu moja, yakaipanga kwa madaraja, na mwenye mali akapewa karatasi. Sisi tunaoujua mfumo wa stakabadhi ghalani hatuhitaji maelezo marefu. Karatasi ile iliuzwa na kununuliwa na watu ambao hawajawahi kuigusa ngano, na muda si mrefu wakawa wanauziana hata ngano ambayo bado haijavunwa.

Kisha Krismasi ya 1865 likafunguliwa soko kubwa la mifugo na machinjio, Union Stock Yards. Ng'ombe wa tambarare za Magharibi alifika akiwa hai, akaondoka vipande vipande ndani ya mabehewa ya barafu kuelekea New York na Boston. Mkulima wa Iowa, yule wa Jefferson asiye na bwana, sasa bei ya mahindi yake ilipangwa Chicago, mbao za nyumba yake zilipitia Chicago, na nguo za wanawe alizichagua kwenye katalogi ya Montgomery Ward, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1872. Hata saa yake ilitoka mjini. Mpaka siku ile kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua lake. Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni ya reli yaliigawa nchi katika kanda za saa, na watu wakarekebisha mishale. Bunge halikuulizwa. Lilizipitisha kanda hizo kuwa sheria mwaka 1918, miaka 35 baadaye.

Kwa hiyo ninaposema mji uliliunganisha taifa, sizungumzii hisia. Kabla ya hapo Mmarekani wa Ohio na wa Georgia walishirikiana bendera na ugomvi. Baada ya hapo walikula nyama ya machinjio yale yale na kukimbilia treni kwa saa ya aina moja.

Julai 1893 Chicago ilikuwa na Maonyesho ya Dunia. Viingilio vilivyohesabiwa vilikaribia milioni 27, katika nchi yenye watu milioni 65 hivi. Katikati ya shamrashamra hizo, tarehe 12, mwanahistoria wa miaka 31 kutoka Wisconsin, Frederick Jackson Turner, alisimama mbele ya wenzake kusoma makala. Idara ya sensa ilikuwa imeeleza kwamba kwa hesabu ya 1890 haikuwezekana tena kuchora kwenye ramani mstari wa mpaka wa walowezi, ule uliotenganisha sehemu zilizokaliwa na zile walizoziita tupu, kana kwamba watu wa asili hawakuwa watu. Turner akasema: mpaka huo ndio uliomtengeneza Mmarekani. Mzungu wa Ulaya aliingia msituni, msitu ukamvua koti lake, akatoka mtu mpya, mwenye kujitegemea na kupenda usawa. Sasa mpaka umekwisha, na kipindi cha kwanza cha historia ya nchi kimefungwa.

Ni hoja yenye nguvu, na vizazi vya wanafunzi wa Kimarekani vimeisoma. Ila tazama alipoisemea. Aliisemea katika mji wa milioni moja, ambao watu wanne katika kila kumi walikuwa wamezaliwa nje ya nchi. Kama alikuwa anamtafuta Mzungu wa Ulaya anayebadilika kuwa mtu mwingine, angefungua dirisha.

Nje ya uzio wa maonyesho yale yale, Buffalo Bill alikuwa amepiga kambi na farasi wake, akiwauzia watu wa mjini tiketi za kumtazama kauboi. Sioni picha iliyo bora zaidi ya jinsi utambulisho wa taifa unavyotengenezwa. Waliomchora kauboi akawa shujaa wa nchi wengi wao walikuwa watoto wa miji ya mashariki. Theodore Roosevelt, rais aliyependa kuonekana mtu wa porini, alizaliwa Manhattan. Owen Wister, mwandishi wa riwaya za kauboi, alikuwa mtu wa Philadelphia. Moja ya filamu za mwanzo kabisa za kauboi, ya mwaka 1903, ilipigwa New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York. Mji ulilitengeneza shamba la kufikirika, ukaliuzia taifa, kisha ukaliuzia dunia. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walivaa kikauboi na kujiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill huyo huyo.

Miaka mitatu baada ya Turner, Chicago hiyo hiyo, mkutano mkuu wa chama cha Democratic ulimsikiliza William Jennings Bryan wa Nebraska. Wakulima walikuwa wamekabwa na madeni na bei mbovu, na Bryan alikuwa na sauti iliyofika ukumbi wa nyuma bila kipaza sauti. Choma miji yenu mtuachie mashamba, alisema, na miji itachipuka tena kama kwa uchawi. Lakini haribu mashamba yetu, na nyasi zitaota katika mitaa ya kila mji nchini. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nadhani mkazi yeyote wa Chicago mwenye zaidi ya miaka 30 aliyekuwa mle alikuwa na lake moyoni, kwa maana mji wake ulikuwa umechomwa kweli, na haukurudi kwa uchawi. Ulirudi kwa mikopo ya mabenki ya mashariki, fidia za bima na mikono ya wahamiaji. Vifusi vya moto vilimwagwa ziwani, na juu yake leo kuna bustani ya Grant Park.

Bryan alishindwa uchaguzi wa urais wa mwaka ule, na alishindwa tena mara mbili. Kilio chake hakikushindwa. Bado kinasikika kila baada ya miaka minne.

Turudi kwa wale ambao Turner hakuwaona dirishani. Kuanzia 1892 mpaka 1954 kituo cha Ellis Island, bandarini New York, kilipokea watu milioni 12 hivi. Wengi hawakwenda shamba, kwa sababu ardhi ya bei nafuu ilikuwa imepungua na kazi zilikuwa viwandani. Kuna jambo moja la kushangaza katika maisha yao. Mtu aliyepanda meli Palermo hakuwa na mazoea ya kujiita Mwitaliano. Italia yenyewe ilikuwa imeunganishwa 1861 tu. Yeye alikuwa mtu wa kijiji chake, na lahaja ya kijiji cha pili ilimchekesha. New York ndiyo iliyomfanya Mwitaliano, kwa kuwa huko majirani hawakuwa na muda wa kutofautisha vijiji. Uitaliano wenyewe ulikuwa hatua ya kwanza ya Umarekani. Mtoto aliingia shule ya serikali akatoka anaona aibu kwa lugha ya mama yake. Baba alitembelewa na kada wa chama. Tammany Hall, tawi la Democratic lililoitawala New York kwa miongo mingi, lilikuwa na watu wa kukuletea makaa ya mawe wakati wa baridi na kukutafutia mwanao kibarua, na siku ya kura lilikukumbusha. Palikuwa na wizi mwingi humo, na sina sababu ya kuusafisha. Ila kwa masikini aliyeshuka melini juzi, lile ndilo tawi la taifa lililomjua kwa jina.

Mji pia ulifundisha namna nyingine ya kuwa raia. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi kwa maelfu waligoma kudai saa 8 za kazi kwa siku, Chicago ikiwa kitovu. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja wa Haymarket, bomu lilirushwa kwa polisi. Watu wanane walitiwa hatiani, sita kati yao wahamiaji, na wanne wakanyongwa bila kuthibitishwa nani alirusha bomu. Gwaride letu la Mei Mosi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, asili yake ni mgomo huo. Wamarekani wenyewe husherehekea Septemba, kwa sheria ya 1894, mbali na kumbukumbu zile.

Sasa tunafika 1920, na hapa ndipo naomba msomaji apunguze mwendo.

Sensa ya mwaka huo ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza wakazi wa mijini walikuwa wengi kuliko wa mashambani: asilimia 51.2. Kwa haki ni lazima niseme kwamba mji, kwa kipimo chao, ulikuwa makazi yoyote yenye watu 2,500, ambayo kwetu pengine hayapati hata kituo cha mabasi. Hata hivyo taifa la wakulima liliamka likaambiwa si la wakulima tena. Bunge lilitakiwa kugawa viti upya. Halikugawa. Wabunge wa majimbo ya mashambani walidai kwamba hesabu ilifanywa Januari, wakati vibarua wa mashamba wamekimbilia mjini kwa ajili ya baridi, na kwamba wangerudi. Mwaka ukapita, muongo ukapita. Detroit, mji wa magari, ulikuwa umetoka watu 466,000 mwaka 1910 hadi 994,000 mwaka 1920, lakini Michigan iliendelea na viti vyake vya zamani. Sheria ya ugawaji ilipatikana 1929 tu, na ilipotumika baada ya sensa ya 1930, California pekee iliruka kutoka viti 11 hadi 20.

Bunge hilo hilo, lililogawiwa viti kwa hesabu ya 1910 na kuikataa ya 1920, mwaka 1924 lilitunga sheria ya uhamiaji. Kila taifa la Ulaya lilipewa nafasi kwa mwaka sawa na asilimia 2 ya wenyeji wake waliokuwa wakiishi Marekani. Waliokuwa wakiishi lini? Sensa ya 1920 ilikuwepo. Ya 1910 ilikuwepo. Walichagua ya 1890, wakati Waitaliano, Wayahudi wa Urusi na Wapoland walikuwa bado wachache. Nafasi za Italia zilianguka kutoka zaidi ya 40,000 kwa mwaka hadi chini ya 4,000, na Waasia karibu wote walifungiwa mlango. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja utaona ustadi wake: mji haukutukanwa wala haukuchomwa kama Bryan alivyotania. Ulihesabiwa kwa kalenda ya zamani. Taifa lilichagua mwaka wa kujipigia picha, likachagua ule ambao sura yake ilikuwa bado inalipendeza.

Miaka minne baadaye Al Smith, Mkatoliki aliyekulia kwenye nyumba za kupanga za Lower East Side, mtaa wa wahamiaji wa New York, aligombea urais. Lafudhi yake ya mtaani ilisikika redioni nchi nzima. Alishinda majimbo 8 kati ya 48.

Mlango wa bahari ulipobanwa, viwanda vilivuta watu kutoka ndani. Uvutaji huo ulikuwa umeshaanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kati ya 1910 na 1970 watu weusi milioni 6 hivi waliondoka Kusini. Waliikimbia miti ya kunyongewa na mikataba ya kulima ardhi ya mwingine na kugawana mavuno nusu kwa nusu, ambayo kila mwisho wa msimu ilimwacha mkulima na deni. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa 1905, lilisafirishwa Kusini mikononi mwa wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala, likisomwa kwa sauti vinyozini. Chicago ilikuwa na watu weusi 44,000 mwaka 1910. Mwaka 1930 walizidi 230,000. Mpiga gitaa Muddy Waters alishuka kutoka Mississippi mwaka 1943, na gitaa la shambani likahitaji umeme ili lisikike kwenye baa yenye kelele. Muziki ambao dunia nzima inautambua kuwa wa Kimarekani ulizaliwa kwa safari hizo.

Mapokezi yalikuwa mengine. Julai 1919 kijana mweusi, Eugene Williams, alielea kwenye maji ya Ziwa Michigan hadi upande ambao wazungu waliuona wao, akapigwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu, na dhamana za serikali za mikopo zikaipita mitaa hiyo kando. Baada ya vita zikaja nyumba za viungani. Levittown, nje ya New York, ilianza kujengwa 1947, na mikataba yake ya mwanzo iliwazuia wasio wazungu. Sheria ya barabara kuu ya 1956 ilipanga maili 41,000 za lami, serikali kuu ikilipa asilimia 90, na mijini mara nyingi zilipasua katikati ya mitaa ya weusi: Black Bottom huko Detroit, Rondo huko St. Paul, Overtown huko Miami.

Hapo ndipo mabaki ya ugomvi dhidi ya wahamiaji wa Lower East Side yalipozikwa. Mjukuu wa Mwitaliano na mjukuu wa Myahudi wa Urusi, ambao 1924 walionekana wageni wasiofaa, walipata mkopo, wakanunua nyumba, wakawa wazungu kamili. Na walinunua nini? Nyumba peke yake, uzio, na kipande cha nyasi ambacho hakuna mbuzi atakayekila. Mimi bustani zile naziona kuwa shamba la Jefferson lililopunguzwa mpaka likaenea kwenye mkopo wa miaka 30. Detroit ulikuwa na watu 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 639,111.

Ugomvi wa hesabu ulirudi mahakamani. Tennessee haikuwa imegawa upya viti vya bunge lake la jimbo tangu 1901, na Alabama ilitegemea hesabu ya 1900. Mwaka 1964 Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Mabunge ya majimbo yakalazimika kugawa upya. Seneti haikuguswa, kwani Katiba imeipa kila jimbo maseneta wawili: California yenye watu milioni 39.5 inao wawili, na Wyoming yenye 577,000 inao wawili. Na Baraza la Wawakilishi limegandishwa kwenye viti 435 tangu zama za farasi. Mwaka 1910 mbunge mmoja aliwakilisha watu 210,000 hivi. Sasa anawakilisha kama 760,000. Wanne katika kila Wamarekani watano huishi mijini, lakini mashine ya kupigia kura bado ina harufu ya samadi.

Mfumo wa nafasi kwa taifa uliotokana na sheria ya 1924 ulifutwa 1965, Rais Lyndon Johnson akitia saini chini ya Sanamu ya Uhuru. Sheria ya 1990 ilileta bahati nasibu ya grini kadi, ambayo vijana wengi wa kwetu wanaijua kuliko nyimbo za taifa lao. Ndipo hadithi hii ikaanza kutugusa tena.

Lewiston ni mji mdogo wa Maine, uliojengwa kwa viwanda vya nguo za pamba. Wafanyakazi wake wengi walikuwa Wakatoliki wa Quebec wanaosema Kifaransa. Miaka ya 1920 tawi la Maine la Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa kizungu, liliandamana dhidi ya watu wa aina yao, na kuanzia 1919 sheria ya jimbo ilizuia Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Viwanda vilipokufa, mji ulianza kupungua. Mwaka 2001 wakaanza kufika Wasomali, kisha Wabantu wa Somalia waliotokea kambi za Kenya. Miongoni mwa Wabantu hao waliopelekwa Marekani wapo wanaozungumza Kizigula, wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ile ile ambayo merikani ilikuwa ikishushwa Unguja. Mwaka 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja, mji umechoka. Januari iliyofuata kikundi kidogo cha wabaguzi kilikusanyika kumuunga mkono meya, ambaye hakuwaalika, na siku hiyo hiyo maelfu ya wakazi walijaa chuoni kuwapinga.

Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, kikosi kikiwa kimejaa watoto wa wakimbizi kutoka Afrika. Mji huo ulikuwa na watu karibu 42,000 mwaka 1970, na kila sensa iliyofuata ilipata wachache zaidi, hadi 35,690 mwaka 2000. Mwaka 2010 ilipata 36,592. Mwaka 2020 ilipata 37,121.